Mbwa Aliyelala Kizingitini

Hapana mnyama aliyetukanwa katika lugha yetu ya Kiswahili kama mbwa. Punda ametukanwa kwa ujinga, fisi kwa ulafi, na nyani kwa kutoliona kundule, lakini mbwa ametukanwa kwa kuwa mbwa tu. Mtu akitaka kumvunjia mwenziwe heshima mbele ya watu, humwita jina hilo moja akamaliza. Mtoto asiyekuwa na adabu huambiwa ana tabia za mbwa, na mtu asiyejulikana kwao huitwa mbwa koko.

Ajabu ni kwamba sifa ambayo kila mmoja wetu huitafuta kwa rafiki, kwa mke, kwa mume, kwa mtoto na kwa mshirika wa biashara, na asipoipata hulia, ndiyo hiyo hiyo aliyopewa mnyama huyu na Muumba wake bila ya kuiomba. Sifa hiyo ni uaminifu. Mbwa humpenda bwana wake akiwa na mali, na humpenda akifilisika. Humlaki anaporudi sokoni na kapu lililojaa, na humlaki vile vile anaporudi mikono mitupu. Hamtazami nguo, wala hamuulizi alikuwa wapi hata akachelewa.

Wazee wetu waliotunga methali hawakuwa vipofu wa jambo hili. Walisema, "Mbwa hafi maji akiona ufuko," wakimpigia mfano mtu mwenye kuvumilia ambaye akisha kuliona tumaini lake hakati tamaa tena. Wakasema pia, "Mbwa wa msasi mkali nao huwa wakali," yaani tabia ya mbwa ni kioo cha tabia ya mwenye kumfuga. Methali hizi mbili hazimtukani mbwa. Ya kwanza yamsifu kwa ustahimilivu, na ya pili yatugeuzia sisi macho: ukimwona mbwa mwovu, mtafute kwanza bwana wake.

Makala haya hayakuja kumshawishi Mwislamu wa Pwani alaze mbwa chumbani. Yamekuja na swali moja tu, nalo ni hili: je, kwa kuwa tumefunzwa kwamba mate ya mbwa ni najisi, ndiyo tumepewa ruhusa ya kumpiga mawe?

TULIYOFUNZWA CHUONI

Sisi tuliosomea chuoni, tukikaa juu ya mikeka mbele ya maalimu, tuliijua mapema hukumu ya mbwa kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu kutoka Lamu hata Vanga. Mbwa na nguruwe ni najisi nzito. Chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, na mara moja katika hizo saba huwa kwa mchanga. Mwili wa mbwa ukiwa na umajimaji ukagusa nguo yako, nguo hiyo haiswaliwi mpaka ioshwe hivyo hivyo. Lakini tulifunzwa pia jambo ambalo wengi wetu wamelisahau, kwamba kikavu kikigusa kikavu hapana najisi inayohama. Mbwa mkavu akikupita ukiwa na kanzu kavu, hapana kilichoharibika.

Wenzetu wa madhehebu mengine wana kauli zao. Kwa Imamu Malik, kila chenye uhai ni twahara, mbwa akiwemo, na kule kuosha chombo mara saba ni ibada ya kufuata amri. Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa wengi wasema mate yake ni najisi, ama mwili wake sio. Hawa wote ni maimamu wetu, na wote waliisoma Hadithi ile ile. Sikuzitaja kauli hizi ili mtu aruke kutoka madhehebu moja hadi nyingine kwa kutafuta wepesi. Nimezitaja ili tujue kwamba wanavyuoni walikuwa wakizungumza juu ya maji, vyombo, nguo na swala. Hapana hata mmoja kati yao aliyesema kuwa mbwa ni mwovu wa roho, au kwamba kumtesa ni thawabu.

Najisi si dhambi. Damu yako mwenyewe ikikutoka ni najisi, nawe hujichukii kwa kuwa na damu. Mtoto mchanga hulowanisha nguo ya mamake mara kumi kwa siku, na mama huosha, akambusu, akamrudisha kifuani. Twahara ni hukumu ya mwili, na huruma ni hukumu ya moyo. Mwenye kuzichanganya hizi mbili hupoteza moja kwa kuishika nyingine.

Ni kweli pia kwamba Hadithi imekataza kumfuga mbwa kwa upuuzi, na kwamba mwenye kumfuga hivyo hupungukiwa kila siku na sehemu ya malipo ya amali zake. Lakini katika Hadithi hizo hizo wametolewa mbwa wa kuwindia, mbwa wa kulinda mifugo na mbwa wa kulinda shamba. Na Qurani yenyewe, katika sura ya Al-Maida aya ya 4, imehalalisha windo lililokamatwa na mnyama aliyefunzwa. Wanavyuoni wakatoa hapo faida kubwa. Windo la mbwa aliyefunzwa ni halali, na la mbwa asiyefunzwa likifa mdomoni mwake ni haramu. Ikiwa elimu imempandisha cheo hata mbwa, basi mwanadamu aliyepelekwa chuoni akatoka mjinga ana la kujibu.

WATU WA PANGO NA MWENZAO

Kila Ijumaa, katika nyumba na misikiti yetu, husomwa sura ya Al-Kahf. Wengi twaijua kwa moyo. Humo mna habari za vijana waliomwamini Mola wao katikati ya watu makafiri, wakakimbia na dini yao, wakaingia pangoni, na Mwenyezi Mungu akawalaza miaka mia tatu na tisa. Walikuwa hawana jeshi wala mali. Jamaa zao walikuwa wamewapa kisogo. Lakini walikuwa na mbwa.

Aya ya 18 yasema mbwa huyo alikuwa ameinyosha miguu yake ya mbele kizingitini. Hebu tuitazame picha hiyo kwa utulivu. Vijana wako ndani na mbwa yuko mlangoni. Hakuingia walipolala, wala hakwenda zake akawaacha. Alikaa pale ambapo mlinzi hukaa, akalala nao usingizi ule ule, kwa miaka ile ile, chini ya ulinzi ule ule wa Mola wao. Mwenyezi Mungu aliyekuwa akiwageuza vijana kuliani na kushotoni ili miili yao isiharibike, hakumwacha mnyama yule aoze mlangoni.

Kisha njoo aya ya 22, ambapo watu wanabishana juu ya idadi ya vijana. Wengine wasema walikuwa watatu na wa nne wao ni mbwa wao. Wengine wasema watano na wa sita wao ni mbwa wao. Na wengine wasema saba na wa nane wao ni mbwa wao. Watu walikhitilafiana juu ya vijana, lakini juu ya mbwa hawakukhitilafiana. Katika kila hesabu yumo. Sura hiyo imemtaja mara nne, na wafasiri wakampa jina, wengi wakimwita Qitmir, ingawa Qurani haikulitaja jina lake.

Msomaji mpenzi, hapa ndipo lilipo jibu la swali letu. Mbwa yule hakuambiwa aingie ndani, wala hakufukuzwa kizingitini. Pahali pake pamewekwa mbali kidogo na pa wenye kuswali, lakini katika hesabu ya wema ametiwa pamoja nao. Sisi tumeshika nusu ya kwanza ya somo hili, tukamtoa ndani, kisha tukaitupa nusu ya pili.

MAJI NDANI YA KIATU

Kuna Hadithi mbili, zote katika Sahihi za Bukhari na Muslim, ambazo hutajwa mara nyingi katika darasa za Ramadhani. Ya kwanza ni ya mtu aliyekuwa safarini akashikwa na kiu kikali. Akateremka kisimani, akanywa, akapanda. Mara akamwona mbwa anahema, ulimi nje, anaramba udongo kwa kiu. Mtu yule akajisemea moyoni kwamba mnyama huyu amepatwa na kile kile kilichokuwa kimempata yeye. Akateremka tena, akakijaza maji kiatu chake cha ngozi, akakishika kwa meno ili mikono ipate kukwea, akapanda, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamshukuru na akamsamehe. Masahaba wakauliza kama kweli kuna ujira kwa ajili ya wanyama. Mtume, rehema na amani zimshukie, akawajibu kwamba kwa kila chenye uhai kuna ujira.

Ya pili ni ya mwanamke kahaba wa Bani Israili. Naye alimwona mbwa akizunguka kisima kwa kiu siku ya joto. Akavua kiatu chake, akakifunga kwa mtandio wake, akateka maji, akamnywesha. Akasamehewa kwa amali hiyo.

Tazama ni vitu gani vilivyotumika. Mmoja alikishika kwa meno kiatu atakachomnyweshea mbwa. Mwengine alitoa mtandio wa kichwani mwake. Hawakungoja mpaka wapate chombo cha kutupa. Wala Hadithi haikusimama kueleza habari za kuosha kiatu, ingawa kuosha kupo. Lililotangulizwa ni kiu ya kiumbe.

Sisi hapa Pwani twajenga mabirika misikitini na kuweka mitungi ya sabili njiani, na hilo ni jambo jema. Lakini ni nani kati yetu aliyepata kuweka kifuu cha maji nje ya ua wake, mwezi wa Februari jua linapopasua vichwa, kwa ajili ya mbwa apitaye?

WAADIBU NA WASHAIRI

Mtu asidhani kwamba habari za uaminifu wa mbwa ni mambo ya Wazungu tuliyoletewa na meli. Waislamu wa zamani waliziandika kabla ya mataifa mengi. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 wa Hijra, sawa na 868 au 869 Miladi, alitunga kitabu kikubwa cha wanyama, na katika kitabu hicho aliwaweka watu wawili wakajadiliana kwa kurasa nyingi, mmoja akimtetea mbwa na mmoja akimtetea jogoo.

Baada yake akaja Ibn al-Marzuban wa Baghdad, aliyefariki mwaka 309 wa Hijra, yaani 921 Miladi. Huyu aliandika kitabu kizima ambacho jina lake lasema kwamba mbwa wana ubora juu ya wengi katika wale wavaao nguo. Hakusema mbwa ni bora kuliko watu wote. Alisema wengi katika wavaao nguo, na kila msomaji akaachiwa ajipime mwenyewe yumo au hayumo. Kitabu hicho kilichapishwa Uingereza mwaka 1978 pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Katika hadithi zilizosimuliwa na waadibu hao mna ile ya mfalme aliyependa kuwinda na mbwa wake. Siku moja alipikiwa wali kwa maziwa. Nyoka akatoka akanywa katika chombo kile na kutema sumu yake humo, na hapana aliyeona isipokuwa mbwa na kijakazi asiyeweza kusema. Mfalme aliporudi akaandaliwa chakula. Mbwa akabweka, akaruka huku na huku, watu wakamfukuza wakidhani ana njaa. Alipoona bwana wake anapeleka mkono chomboni, akajitupa mezani, akala yeye, akafa pale pale mwili ukimtengana. Kijakazi akaeleza kwa ishara, na mfalme akamzika mbwa wake na kumjengea kuba.

Hata Abunuwasi! Sisi twamjua kwa hekaya za kuchekesha tulizosomewa utotoni, lakini Abunuwasi halisi alikuwa mshairi mkubwa wa Baghdad zama za Harun Rashid. Mashairi yake ya uwindaji yamejaa sifa za mbwa, mwendo wao, masikio yao na makucha yao. Na moja katika mashairi yake ni la kumlilia mbwa wake wa kuwindia aliyeumwa na nyoka akafa. Mshairi aliyewasifu makhalifa hakuona haya kumlilia mbwa.

ALIYEJITUMA MWENYEWE

Mjini, katika vichochoro vya Mji wa Kale, paka ndiye mwenye enzi na mbwa ni mgeni. Lakini toka nje ya mji uende mashambani, upande wa Kwale au wa Malindi, utaona mambo mengine. Huko pana tumbili, nyani na nguruwe mwitu, na mwenye shamba la muhogo asiyekuwa na mbwa huwalimia hao. Jirani zetu Wamijikenda hawajaacha kamwe kufuga mbwa, na Waislamu wengi wenye mashamba hufanya vivyo hivyo, kwa ile ile ruhusa ya Hadithi.

Katika shamba moja la minazi kusini ya Mombasa nilimkuta mzee mmoja wa makamo ya miaka themanini, mjane, akaaye peke yake na mbwa wake wa rangi ya kahawia. Mbwa ana kibanda cha makuti hatua chache kutoka mlangoni. Ana kifuu chake cha maji na sufuria yake iliyotoboka ya chakula, na vyombo hivyo havichanganywi na vya nyumbani. Mzee alipokwenda kutawadha, mbwa alimfuata mpaka kwenye mpaka fulani wa mchanga, akaketi. Haukuwepo ukuta wala kamba. Alikuwa amefunzwa.

Nikamwambia, "Mzee wangu, watu wasemaje?"

Akacheka. "Waniita Babu Mbwa, mwanangu. Sikasiriki. Mimi nina watoto sita. Wawili wako Nairobi, mmoja yuko Jiddah, waliobaki wako mjini. Mungu awabariki, wote hunitumia pesa kwa simu. Lakini usiku nikikohoa, ni nani asikiaye? Huyu. Akisikia nimekohoa sana huja akakwaruza mlango. Wanangu hunitumia. Huyu hana cha kunitumia, basi amejituma mwenyewe."

Kisha akaongeza maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. "Nilipofiwa na mke wangu, watu walikaa nami siku tatu za matanga, wakaenda zao, kama ilivyo desturi. Yeye alikaa."

Sikuona katika nyumba ile mtu aliyeabudu mnyama, wala aliyepuuza swala yake. Nilichokiona ni mtu mzima na kiumbe chenziwe, kila mmoja akijua mpaka wake.

KWA MATAIFA MENGINE

Habari kama hizi zimetapakaa duniani. Huko Ujerumani, karibu na mji wa Bonn, mwaka 1914 wachimbaji mawe walifukua kaburi la kale sana la mwanamume na mwanamke, na pamoja nao mifupa ya mbwa mchanga. Kaburi hilo lina umri wa miaka kiasi cha 14,000. Wataalamu walioyachunguza meno ya mbwa yule, wakatoa matokeo yao mwaka 2018, walisema alikuwa ameugua maradhi mazito kwa majuma kadhaa, na kwamba asingeweza kuishi muda huo bila ya mtu kumuuguza. Mbwa mgonjwa hawindi wala halindi. Waliomuuguza walimuuguza kwa mapenzi tu.

Na huko Japani hapana asiyemjua Hachiko. Alikuwa mbwa wa mwalimu wa chuo kikuu mjini Tokyo, Profesa Ueno. Kila jioni alikwenda stesheni ya Shibuya kumlaki bwana wake. Mwezi wa Mei 1925 mwalimu alifariki ghafla akiwa kazini, asirudi. Hachiko akaendelea kwenda stesheni kwa karibu miaka kumi, mpaka alipokufa yeye mwenyewe tarehe 8 Machi 1935. Watu wa mji walimchongea sanamu ya shaba mwaka 1934, naye yu hai. Wakati wa vita vya pili vya dunia sanamu iliyeyushwa kwa haja ya madini, na mwaka 1948 ikasimamishwa nyingine, nayo ipo hata leo. Sisi si watu wa kuchonga masanamu, lakini somo halimo katika shaba. Somo limo katika ile miaka kumi ya kungoja.

Wajapani hao hao, mwaka 2015, walitoa uchunguzi wao kwamba mbwa na bwana wake wakitazamana machoni, huongezeka katika miili yao wote wawili ile homoni ambayo huzidi kwa mama anapomnyonyesha mwanawe. Kumbe mapenzi haya yameumbwa ndani ya damu.

Ama kwa Waislamu wenzetu, uko mfano wa Leicester, Uingereza. Mwaka 2008 kijana mmoja wa Kiislamu asiyeona alitaka kwenda msikitini kuswali, naye huongozwa njiani na mbwa aliyefunzwa kazi hiyo. Wanavyuoni wa huko wakalitazama jambo lake, wakatoa fatwa ya kumruhusu. Mbwa akatengewa pahali pake penye maingilio ya msikiti, kijana akaingia kuswali, na akitoka humkuta mwenzake anamngoja. Kizingitini! Lile la pangoni limekuwa Leicester.

MAWE NA SUMU

Sasa turudi mitaani kwetu. Nani hajawaona watoto wanaotoka chuoni, misahafu imo mikobani, wakimwandama mbwa kwa mawe mpaka amevunjika mguu? Na wakubwa tumeketi barazani, kahawa mkononi, twatazama. Akitokea mtu akawakataza, huambiwa, "Mwache, ni mbwa tu." Wako na watu wazima watiao sumu katika nyama wakaitupa usiku, na asubuhi mizoga imelala njiani, ya mbwa na ya paka na ya kunguru waliokula pamoja nao.

Husemwa kwamba tunafanya hivyo kwa kuogopa kichaa cha mbwa. Hofu hiyo ina haki. Maradhi hayo huua watu wanaokisiwa kuwa 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na wengi miongoni mwao ni watoto. Dalili zikisha kutokea, dawa karibu hakuna. Kwa hivyo mtu akiumwa na mbwa, aoshe jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akadungwe chanjo. Asingoje, wala asipake dawa za kienyeji akadhani yamekwisha.

Lakini mawe na sumu havikuondoa kichaa cha mbwa popote. Kinachokiondoa ni chanjo ya mbwa wenyewe. Wataalamu wasema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, maradhi hukosa njia. Tena mfano tunao hapa hapa majini mwetu, Pemba, kisiwa cha Waislamu. Baada ya mbwa kuchanjwa kwa wingi, maradhi hayo yalitoweka kisiwani mwaka 2014. Chanjo ilipolegea yakarudi mwaka 2016, watu wakashika tena sindano, na kufikia mwisho wa 2018 yakawa yametoweka mara ya pili. Kenya nayo ilijiwekea mpango mwaka 2014 wa kuyamaliza maradhi hayo ifikapo 2030. Basi mwenye mbwa na ampeleke kuchanjwa wanapokuja watu wa mifugo. Kumhurumia mbwa na kuwalinda watoto wetu kumekuwa jambo moja.

Tena tusiruke mkojo tukakanyaga mavi. Ziko nyumba za wakubwa, katika miji yetu hii, ambamo mbwa hula nyama ya kununua na mtumishi hula makombo, ambamo mbwa hupelekwa kwa daktari kwa gari na yaya mgonjwa hupewa panadoli. Hayo si mapenzi ya mbwa, ni dharau ya watu. Na wako wale wamfungao mbwa mnyororo mfupi juani mchana kutwa, ili usiku awe mkali. Huyo naye atajibu. Mnyama ukimfuga umemchukulia dhamana: maji yake, chakula chake, kivuli chake, na matibabu yake. Usipoweza, usimfuge.

Qurani, katika sura ya Al-An'am aya ya 38, yatwambia kwamba wanyama wote ardhini na ndege wote angani ni umma kama sisi. Umma hautukanwi wote kwa pamoja, wala haupigwi mawe kwa kuwa umepita njia. Wazazi na maalimu wana nafasi ya kuliweka hili sawa. Siku mtoto anapofunzwa namna ya kuosha chombo mara saba, na asimuliwe siku hiyo hiyo habari ya yule aliyemnywesha mbwa kwa kiatu. Masomo hayo mawili ni ya Mtume mmoja, na hayafai kutenganishwa.

Nawaachia beti mbili, wasomaji wangu, ziwafae watoto:

Alilala mlangoni, walipolala vijana,
Hakuingia pangoni, wala hakutoka tena,
Akatiwa hesabuni, na Mola Mwenye kuona,
Uaminifu ni bora, hata kwa asiye jina.

Usimpige njiani, mnyama asiyesema,
Mpe maji kifuuni, kisha mwondokee vyema,
Najisi ni ya mwilini, kwa maji saba hukoma,
Uchafu ulo moyoni, hauoshwi na kisima.